UZI: Chanjo za magonjwa ya kifua Ulaya. Sindano zipo, kazi ni kumfikia mtu

Nesi wa Kaskazini (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome akitulia. Nawaandikia zaidi ndugu zetu walioko Uingereza, Ujerumani, Skandinavia na kwingineko Ulaya: mnaofanya kazi kwenye nyumba za wazee kama mimi, kina mama wajawazito, na wale ambao wazazi wenu huja kuwatembelea kipindi cha baridi.

Kila mwaka kuanzia Oktoba mpaka Machi, hospitali za huku hulemewa na watu wa namna mbili. Kuna vichanga waliobanwa kifua hadi hawawezi kunyonya, na kuna wazee walioanza na kikohozi Jumatatu, Ijumaa wako kwenye oksijeni. Wanaoleta hayo kwa wingi ni virusi vya influenza (mafua makali), RSV (kirusi kinachobana kifua hasa cha vichanga na wazee) na korona, na nyuma yao hufuata bakteria wa nimokokasi, anayepata njia rahisi kwenye mapafu yaliyokwisha kuumizwa. Ukikumbuka kwamba ndani ya Umoja wa Ulaya zaidi ya mtu mmoja kati ya watano amefikisha miaka 65, utaona kwa nini serikali za huku zinapanga chanjo za kifua pamoja na bajeti ya vitanda vya msimu wa baridi.

Sasa hoja yangu. Mwezi Desemba 2009 Baraza la Umoja wa Ulaya lilizitaka nchi wanachama zichanje 75% ya wazee dhidi ya influenza kila mwaka, na zifike hapo ifikapo msimu wa 2014/15. Muda huo umepita kitambo na waliowahi kufika ni wachache sana, wakiwemo Denmark, Ireland na Ureno. Ukienda Poland au Slovakia, hawafikii hata robo ya wazee wao. Sindano ni za aina zile zile. Si kwamba wazee wa Poland wanapenda kufa kuliko wazee wa Denmark. Tofauti iko kwenye namna mtu anavyofikiwa.

Tazameni Denmark. Mtu akiwa na miaka 65 na kuendelea, barua ya serikali inaingia kwenye sanduku lake la barua la kidijitali, ina jina lake, inamwambia chanjo ni bure na inapatikana wapi. Hasubiri kukumbuka mwenyewe. Msimu wa 2022/23 watafiti wa huko walikwenda mbali zaidi, wakafanya jaribio lililoitwa NUDGE-FLU kwa wazee zaidi ya 960,000. Wengine walitumiwa barua ya ziada yenye maneno ya aina mbalimbali, wengine hawakutumiwa. Barua iliyowaambia wazee kwamba chanjo ya influenza inaweza pia kuwalinda na maradhi ya moyo ilifikisha 81.00% ya waliochanja, dhidi ya 80.12% kwa ambao hawakupata barua. Barua ya kawaida iliyorudiwa mara ya pili nayo ilisaidia. Mtu atasema ongezeko ni dogo. Kwenye nchi nzima hao ni maelfu ya wazee, na gharama yake ni barua tu. Mimi hasa kinachonigusa ni ile 80% ya kuanzia, maana nchi nyingi za Ulaya zinaiota.

Na habari ya moyo si maneno ya kuvutia watu. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa 2018, ulionyesha kwamba katika siku saba za kwanza baada ya mtu kuthibitika ana influenza, hatari ya kupata shambulio la moyo hupanda kama mara sita. Halafu kuna jaribio lililoongozwa na Waswidi, IAMI, wakawachanja wagonjwa muda mfupi baada ya shambulio la moyo. Ndani ya miezi 12 walikufa 2.9% ya waliochanjwa na 4.9% ya waliopewa sindano isiyo na chanjo. Wazee wetu wengi wana presha na sukari. Wakisikia "mafua" wanaona ni jambo la kunywea tangawizi, na hakuna aliyewaambia habari ya moyo.

Nije kwa RSV, maana hapa ndipo mambo yamebadilika sana. Jina hili Waswahili wengi hatulijui, lakini ugonjwa wenyewe tunaujua: mtoto wa miezi miwili mitatu, pua inatanuka, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, kifua kinapiga miluzi. Utafiti uliofuatilia watoto wa Uhispania, Finland, England, Scotland na Uholanzi ulikuta kwamba mtoto mmoja kati ya 56 waliozaliwa wazima na miezi kamili hulazwa kwa RSV kabla ya mwaka wake wa kwanza kuisha. Hao ni watoto wasio na kasoro yoyote, siyo njiti.

Tangu 2022 na 2023 kuna njia mbili za kuwakinga. Moja ni nirsevimab, ambayo kusema kweli si chanjo. Ni kingamwili iliyokwisha tengenezwa, mtoto anapewa na inamlinda msimu mzima. Nyingine ni mama kuchanjwa akiwa mjamzito, mwili wake utengeneze kingamwili na kumpitishia mtoto kupitia kondo.

Jimbo la Galicia, kaskazini magharibi mwa Uhispania, lilikuwa kati ya sehemu za kwanza kabisa duniani kumpa nirsevimab kila mtoto, Septemba 2023. Aliyezaliwa ndani ya msimu alichomwa pale pale wodi ya wazazi kabla hajaenda nyumbani. Waliozaliwa miezi ya nyuma, wazazi wao waliitwa. Zaidi ya 90% ya watoto walipata, na matokeo ya kwanza yalionyesha hatari ya kulazwa kwa RSV imepungua kwa takriban 82%. Hapa kwetu England tumeanza Septemba 2024 na njia ya mama, kuanzia wiki ya 28 ya ujauzito. Utafiti wa England na Scotland ulikuta kwamba mama akichanjwa zaidi ya wiki mbili kabla ya kujifungua, hatari ya mtoto kulazwa inapungua kwa 72%. Lakini waliochanja msimu ule wa kwanza ni kama nusu tu ya wajawazito. Galicia walimpa mtoto akiwa bado kitandani kwa mama yake. England mama anatakiwa aulize, akumbuke, apate nafasi, apange nauli. Mnaona ninapoelekea.

Kifaduro nacho kimerudi. Kituo cha Ulaya cha Kudhibiti Magonjwa kilihesabu karibu wagonjwa 60,000 kwa mwaka 2023 na miezi ya mwanzo ya 2024, zaidi ya mara kumi ya miaka miwili iliyotangulia, na wakafa watu 19, wakiwemo vichanga 11. England imekuwa ikiwachanja wajawazito dhidi ya kifaduro tangu Oktoba 2012, na kinga hiyo ni nzuri sana. Ila wanaochanja walikuwa wamepungua hadi chini ya 60% kabla ya mlipuko huo, na London iko nyuma ya sehemu nyingine za nchi. Dada zetu wengi wanaishi London.

Mwisho, sisi wahudumu. Msimu wa 2020/21 zaidi ya robo tatu ya wahudumu wa mstari wa mbele wa NHS (huduma ya afya ya umma) England walichanja influenza. Miaka michache baadaye wako chini ya nusu, na kwenye nyumba za wazee hali ni mbaya zaidi. Sisi ndio tunaowageuza wazee kitandani, tunaowalisha, tunaowapangusa uso. Mzee wa miaka 90 hata akichanjwa, mwili wake hauitikii kama wa kijana, kwa hiyo sehemu ya kinga yake iko mikononi mwetu. Najua zamu za saa kumi na mbili, najua kukosa siku moja ni kukosa hela ya kodi ya nyumba. Ndiyo maana nasema waajiri walete sindano kazini, wakati wa kubadilishana zamu, na wa usiku wakumbukwe. Ninapofanya kazi mimi walianza kufanya hivyo na watu wakajitokeza bila kusukumwa.

Karibuni kwa maswali.

---

Baba_Ilala

Dada nesi, shikamoo kwa kazi yako, ila mimi sikubaliani. Chanjo gani ya kuchomwa kila mwaka? Ya surua tulichomwa utotoni basi. Hii ya mafua unachanja na bado unaumwa. Naona ni biashara ya makampuni.

---

Nesi wa Kaskazini

Baba, swali lako ni la haki na nimelisikia pia kwa Wazungu.

Kirusi cha surua hakibadiliki kwa namna ya kuikimbia kinga. Cha influenza kinabadili sura yake kila mara. Kila Februari Shirika la Afya Duniani linakaa na maabara zake na kuchagua aina zitakazowekwa kwenye chanjo ya kaskazini mwa dunia, na Septemba kwa kusini, kwa sababu kuitengeneza huchukua kama miezi sita. Wakati mwingine kirusi kinageuka baada ya uamuzi kutoka, na kinga inakuwa hafifu mwaka huo. Miaka mingi kinga ni kati ya 30% na 60%. Sitakudanganya kwamba ni 95%. Na kinga yenyewe hupungua ndani ya miezi, ndiyo maana England imeamua wazee wachanjwe kuanzia Oktoba badala ya Septemba, iwakute na nguvu Desemba na Januari.

Mtu aliyechanja anaweza kuumwa, ndiyo. Tunachotafuta kwa mzee ni asilazwe na asife. Kwa upande wa korona, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilikadiria Januari 2024 kwamba chanjo ziliokoa maisha ya watu zaidi ya milioni 1.4 katika kanda yake. Makampuni yanapata faida, hilo halina ubishi, na bei zao zinastahili kubanwa. Ila majaribio niliyoyataja pale juu ya Denmark na Sweden yaliongozwa na madaktari wa hospitali na vyuo, na matokeo yake yako wazi kwa kila mtu kuyakagua.

---

Mwana wa Kilifi

Naongezea kutoka nyumbani, maana elimu nyingine ya RSV ambayo Ulaya inaitumia imetoka kwetu. Watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome pale Kilifi, pwani ya Kenya, walizifuatilia familia kijijini msimu wa 2009/10, wakichukua vipimo vya pua vya nyumba nzima mara mbili kwa wiki, aumwe asiumwe. Wakakuta zaidi ya nusu ya vichanga walioambukizwa RSV waliipatia ndani ya nyumba, na walioileta mara nyingi ni kaka na dada zao wanaosoma shule.

Pia Kenya ilianza chanjo ya nimonia ya watoto 2011. Huko huko Kilifi, ugonjwa mkali wa nimokokasi wa aina zilizomo kwenye chanjo ulishuka kwa 92% kwa watoto chini ya miaka mitano, na ukashuka hata kwa watu wazima ambao hawakuchanjwa, kwa sababu watoto waliacha kuusambaza. Tanzania ilianza ya kwake 2013. Kwa hiyo Baba_Ilala, wajukuu zako wameshachanjwa kifua siku nyingi, na wewe ukanufaika.

---

Mama Twaha_Leicester

Assalam alaykum. Dada nesi, mimi wasiwasi wangu ni ile ya kupuliziwa puani shuleni. Fomu inakuja kila Septemba, nimeambiwa ina gelatini ya nguruwe, basi mimi huweka hapana kila mwaka. Nifanyeje?

---

Nesi wa Kaskazini

Waalaykum salaam mama Twaha. Ni kweli, ile ya puani ina gelatini ya nguruwe, na hakuna anayekulazimisha. Lakini ipo ya sindano isiyo na gelatini na ni bure kwa mtoto wako. Kwenye fomu usiweke hapana tu ukaishia hapo. Andika kwamba hutaki ya puani kwa sababu ya gelatini na unaomba ya sindano, au wapigie timu ya chanjo ya shule, namba yao iko kwenye fomu.

Wasimamizi wa programu walitakiwa kuliandika hili kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, Kisomali, Kigujarati na lugha zote za mtaa wenu. Mama anayeandika hapana kwa ajili ya dini yake anahesabiwa na takwimu kama mtu asiyetaka chanjo, wakati jibu lake lilikuwepo na hakuambiwa. Na kama alivyosema ndugu wa Kilifi, wanafunzi ndio wanaoleta ugonjwa nyumbani. Uingereza ilianza kuwachanja watoto mwaka 2013 ikijua hivyo, iwakinge wao na babu zao.

---

Mlezi_Bavaria

Mimi ni Mkenya, nafanya mafunzo ya uuguzi huku Ujerumani. Niseme tu mambo ya barua yenye jina lako huku hatuna. Kamati yao ya chanjo, STIKO, inapendekeza vizuri kabisa: influenza kila mwaka kuanzia miaka 60, RSV mara moja kuanzia miaka 75, nirsevimab kwa watoto wote. Bima inalipa. Lakini hakuna daftari la taifa la nani amechanja na nani bado. Mzee akiwa na daktari wake wa familia anayemkumbusha, sawa. Akiwa hana, amepotea. Waliochanja influenza kwa wenye miaka 60 na zaidi hawafiki nusu. Nchi tajiri hivi.

Na sisi wanafunzi wageni wengi hatujui kwamba mwajiri anapaswa kutuchanja bure. Ulizeni daktari wa kazini.

---

Msomaji_Moro

Dada nesi, heshima yako. Nilisoma mahali kwamba chanjo ya RSV iliwahi kuua watoto Marekani. Mbona hukuitaja? Na ile ya AstraZeneca iliyogandisha damu?

---

Nesi wa Kaskazini

Nashukuru umeuliza kaka, maana kuficha haya ndiko kunakozaa uvumi.

Mwaka 1966 Marekani walijaribu chanjo ya RSV iliyotengenezwa kwa kukiua kirusi kwa kemikali ya formalini. Katika kundi moja la vichanga waliochanjwa, watoto 20 waliambukizwa RSV baadaye, 16 wakalazwa na wawili wakafa. Kwa wasiopewa chanjo hiyo, waliolazwa walikuwa wachache mno. Formalini ilikuwa imeharibu umbo la protini ya kirusi, miili ya watoto ikatengeneza kingamwili zinazokishika kirusi bila kukizuia, na zikachochea uvimbe kwenye mapafu. Kazi ya chanjo ya RSV ikadorora kwa miongo kadhaa kwa sababu ya watoto hao.

Mlango ulifunguka 2013, wanasayansi wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, akina Jason McLellan, Barney Graham na Peter Kwong, walipoona umbo halisi la protini ile kabla haijajikunjua kuingia kwenye seli. Chanjo za leo zinafundisha mwili kulitambua umbo hilo. Na bado England haimchomi mtoto mwenyewe chanjo ya RSV. Inapita kwa mama.

Za sasa nazo zina madhara adimu. Kwa wazee, baadhi ya chanjo za RSV zimewekewa onyo la Guillain-Barré, ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoleta udhaifu wa viungo. Ni watu wachache sana, lakini limeandikwa na mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla. AstraZeneca vile vile: Aprili 2021 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitangaza kwamba huenda ina uhusiano na visa adimu vya damu kuganda, na Denmark ikaiacha kabisa mwezi huo huo. Nchi iliyoiacha hadharani ndiyo hiyo hiyo ambayo wazee wake kwenye lile jaribio la 2022/23 walichanja influenza kwa 80%. Naamini waliendelea kuamini kwa sababu waliambiwa ukweli mapema.

---

Kijana wa Tanga_Manchester

Dada, mama yangu ana miaka 72, ana presha, anakuja Novemba kukaa miezi mitatu. Nimkatie bima maalumu au ana haki ya chanjo?

---

Nesi wa Kaskazini

Bima ya safari mkatie kwa mambo ya hospitali, maana mgeni akilazwa anaweza kutozwa, na gharama ni kubwa. Ila kujiandikisha kwa GP (daktari wa familia) England ni bure na hakuangalii viza. Akikaa chini ya miezi mitatu anaandikishwa kama mgonjwa wa muda, akizidi anaandikishwa wa kudumu. Waambie umri wake na ile presha, kisha omba apangiwe chanjo ya influenza. Dawati likisema hapana, omba kwa upole kuongea na meneja wa zahanati. Ikishindikana, famasi nyingi zinauza sindano hiyo kwa bei ya kawaida.

Kinga inachukua kama wiki mbili kujengeka, kwa hiyo mwandikishe wiki ile ile anayofika, usisubiri akohoe. Mletee na majina ya dawa zake za presha yameandikwa kwenye karatasi. Na wewe unayekaa naye, pamoja na wanao, mchanjwe nyinyi kabla mama hajapanda ndege. Ukikwama kwenye fomu ya usajili niandikie pembeni, nitakuelekeza mstari kwa mstari.